Muziki unapopata kigugumizi ndani ya kompyuta

KATIKA kisiwa cha Macaloe, kama katika visiwa vingine vya Quirimbas na pwani nzima ya kaskazini ya Cabo Delgado, muziki umehama makazi. Zamani ulikaa ndani ya santuri, kisha ukahamia katika kaseti. Leo umo ndani ya simu, ndani ya kadi isiyozidi ukucha wa kidole gumba, au ndani ya kompyuta mpakato inayolishwa kwa sola iliyofungwa juu ya paa. Nyimbo za tufo zinazoimbwa na akina mama waliojipaka msiro usoni, taarabu iliyovuka bahari kutoka Unguja, ngoma za mapiko za Wamakonde: zote hukaa humo pamoja, na zote huitwa kwa kugusa kidole.

Hata hivyo makazi haya mapya yana maradhi yake. Wimbo huanza vizuri, mara husikika mlio kama wa samaki anayetumbukizwa katika mafuta ya moto. Baada ya muda sauti hukatika, hurudi, hukatika tena, hata mwimbaji akawa kama mtu mwenye kigugumizi anayelitafuta neno asilipate. Baba mwenye nyumba huipiga spika kofi. Kijana husema spika imekufa, inunuliwe nyingine. Jirani naye hushauri kompyuta ifutwe yote na kuwekewa programu upya. Ndugu msomaji, shauri hili la mwisho ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Kompyuta inapofutwa bila kunakiliwa, nyimbo zilizomo hufutwa pamoja nayo, na ziko nyimbo ambazo hazipatikani tena dukani wala redioni.

Watu wa pwani ile wanayajua haya kuliko wengi wetu. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyo. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 vimewafanya mamia ya maelfu ya wakazi wa Cabo Delgado wayahame makwao, wengine zaidi ya mara moja. Askari wetu waliokuwa katika jeshi la SADC lililokaa huko kuanzia Julai 2021 hadi 2024 hawahitaji kusimuliwa. Mtu anayekimbia kwa mashua habebi kabati. Hubeba simu, na pengine kaseti mbili tatu zilizofungwa ndani ya kanga. Kama sauti ya bibi akimwimbia mjukuu kwa Kimwani imo ndani ya kaseti hizo, basi hapo ndipo ilipo, na hakuna pengine.

Kwa hiyo suala la mikwaruzo na kigugumizi si la anasa. Kabla ya kufuta, kuuza au kutupa chochote, yafaa tujue ni nini hasa kinachotokea.

SI SPIKA, NI KUCHELEWA

Kompyuta haiujui wimbo kama tunavyoujua sisi. Kwake wimbo ni hesabu tupu. Katika diski za CD, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1982, kila sekunde ya sauti imekatwa katika vipimo 44,100, na hivyo ni kwa upande mmoja tu, kwani upande wa kushoto una vyake na wa kulia una vyake. Video hutumia zaidi vipimo 48,000. Vipimo hivyo havina budi kuifikia spika kwa mfululizo, kila kimoja kwa zamu yake, bila kukosekana hata kimoja.

Sasa chukua mfano wa pipa lenye bomba lililowekwa uani. Maji hutoka bombani kwa mwendo uleule, wala hayamngoji mtu. Binti wa nyumbani ana kazi ya kuchota kisimani na kulijaza pipa kabla halijakauka. Kazi hiyo peke yake ni nyepesi. Lakini mama humwita akoleze moto, mdogo wake humlilia, mbuzi naye ameingia jikoni. Binti akichelewa kidogo tu, pipa hukauka na bomba hutema hewa. Akirudi na ndoo, maji hutoka tena kana kwamba hapakuwa na jambo.

Kompyuta ndiyo binti huyo. Pipa ndilo mafundi wanaloliita bafa, yaani akiba ndogo ya sauti iliyo tayari kutoka. Bomba ni spika. Bafa ikikauka kwa sehemu ndogo ya sekunde, sikio husikia mkwaruzo. Ikikauka kwa muda mrefu zaidi, sikio husikia kigugumizi. Hii ndiyo sababu kompyuta mpya yenye nguvu nyingi nayo huweza kukwaruza: si kwamba haiwezi kazi, ila iliitwa kwingine kwa wakati usiofaa.

Ukubwa wa pipa hili huchaguliwa. Katika programu za kutengenezea muziki nyumbani, kama vile FL Studio ya Ubelgiji inayopendwa sana na vijana wetu, bafa hupimwa kwa idadi ya vipimo. Bafa ya vipimo 256 ina akiba ya karibu sehemu 6 za elfu moja ya sekunde. Ya 1,024 ina akiba ya sehemu 23 hivi, na ya 2,048 ina sehemu 46. Mtu atauliza: mbona basi tusiweke pipa kubwa siku zote, tukaondokana na adha? Jibu ni kwamba pipa kubwa huchelewesha. Mpiga kinanda akibonyeza kitufe, sauti yake hupanga foleni nyuma ya akiba yote iliyomo. Kwa vipimo 256 hatahisi kitu. Kwa 2,048 atabonyeza sasa na kusikia baadaye, na wimbo utamtoroka mkononi.

Basi kanuni inajitokeza yenyewe. Anayepiga ala au kuimba huku akijisikia apunguze bafa. Anayesikiliza tu, au anayepanga nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, aikuze bila hofu, kwani kuchelewa kwa nusu ya kupepesa jicho hakumdhuru. FL Studio inayo hesabu inayoonyesha pipa limekauka mara ngapi tangu wimbo uanze. Kuza bafa hatua kwa hatua mpaka hesabu hiyo isimame.

SIKILIZA KABLA HUJAGUSA

Kosa linaloonekana katika nyumba nyingi ni kuanza kubonyeza-bonyeza kabla ya kusikiliza. Sikio, likitumiwa kwa utaratibu, huokoa fedha nyingi za fundi.

Upige wimbo ule ule mara mbili, huku ukitazama saa ya programu. Kama mkwaruzo huangukia sekunde ile ile mara zote mbili, basi umo ndani ya faili yenyewe, na hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayouondoa. Kama mara ya kwanza ulisikika mwanzoni na mara ya pili katikati, mshitakiwa ni kompyuta. Jaribio hili la dakika chache ndilo kubwa kuliko yote, na kwa kweli ningependa kila nyumba ilianze nalo.

Kisha ondoa spika na utumie hedifoni. Sauti ikiwa safi, tatizo liko katika spika au waya wake. Ukiutikisa waya mahali unapoingia na mlio ukaja na kwenda, hapo umeshika mwizi. Katika pwani ya Cabo Delgado, sawa na Kilwa au Pemba ya Zanzibar, hewa ya chumvi huila shaba ya plagi kimya kimya. Zima chombo, futa plagi kwa pamba yenye spiriti kidogo, iache ikauke, uirudishe. Tundu lililolegea halitibiki kwa pamba. Hilo ni la fundi mwenye bunduki ya risasi ya kuunganishia waya.

Uko pia mlio mwingine ambao watu huuchanganya na mkwaruzo, nao ni mvumo wa mfululizo, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Huo hautokani na kuchelewa. Hutokana na umeme. Chaja za bei nafuu, jenereta ndogo, na zile inverta za sola zinazotoa umeme wenye mawimbi ya mraba badala ya mawimbi laini, zote huweza kuuingiza katika spika. Chomoa chaja, uache kompyuta itumie betri yake. Mvumo ukikoma, basi umeujua mzizi wake, na muziki utasikilizwa kwa betri.

Hapa pana kichekesho kidogo. Kompyuta inapotumia betri hujibana matumizi ili umeme udumu, na kwa kujibana huko hupunguza mwendo wake, nayo sauti ikaanza kugugumiza! Yaani ulichomoa chaja kuponya mvumo ukapata kigugumizi. Dawa ni kuingia katika mipangilio ya umeme ya kompyuta na kuchagua nguvu kamili badala ya kubana matumizi, kwa muda ule wa kusikiliza au kurekodi. Simu nazo zina hali yao ya kubana betri, ambayo huidumaza programu ya muziki mara kioo kinapozimwa. Itoe programu hiyo katika orodha ya zinazobanwa.

WANAOMWITA BINTI

Tukishajua kwamba kosa ni la kuchelewa, tunabaki na swali moja: nani anayemwita binti aache kuchota maji?

Mara nyingi ni programu zilizoachwa wazi. Kurasa ishirini za intaneti, programu ya kukinga virusi inayokagua faili moja baada ya nyingine, mfumo wa kompyuta unaojipakulia marekebisho bila kubisha hodi. Fungua orodha ya kazi zinazoendelea, utazame ni ipi inayomeza prosesa na diski. Funga usizozihitaji. Kuhusu zile programu zinazojitangaza kwamba husafisha kompyuta na kuiongezea kasi, maoni yangu ni kwamba nyingi huongeza mdomo mmoja wa kulisha katika nyumba iliyokwisha jaa.

Mwitaji wa pili hujificha zaidi. Ni vile vijiprogramu vinavyoendesha viungo vya kompyuta, ambavyo mafundi huviita draiva. Draiva ya waifai ikiandikwa vibaya, huishika prosesa kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, na sauti hukatika kila kompyuta inapotafuta mtandao. Jaribu kuzima waifai na Bluetooth, kisha upige wimbo. Ikiwa kigugumizi kimekwisha, tafuta draiva mpya zaidi katika tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta hiyo. Kwa wenye Windows ipo programu ya bure iitwayo LatencyMon, ambayo huiacha kompyuta ikifanya kazi kwa dakika kadhaa, kisha hutaja draiva inayochelewesha kwa jina lake. Ni hakimu mzuri. Hali kadhalika zimwe yale mapambo ya sauti ambayo mfumo huyaita maboresho, kwani kila pambo ni hesabu ya ziada. Wanaotengeneza muziki katika Windows hutumia draiva za aina ya ASIO, na kwa kompyuta isiyokuja na draiva hiyo kuna ASIO4ALL, nayo ni ya bure.

Joto nalo ni mwitaji. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Katika miezi ya kaskazi, kabla ya mvua kutuliza joto, chumba chenye paa la bati huwa tanuri. Tena kompyuta huwekwa juu ya godoro au juu ya kanga iliyokunjwa vizuri kwa heshima, na kanga hiyo huziba matundu ya hewa yaliyo chini! Iwekwe juu ya ubao au sinia lililopinduliwa, na feni yake isafishwe vumbi. Dalili ya ugonjwa wa joto hutambulikana kwa urahisi: wimbo wa kwanza husikika safi, na wa nane hukwaruza.

Bluetooth inastahili maneno yake peke yake, maana spika zisizo na waya zimeenea hadi katika magenge ya samaki. Redio hiyo ndogo husafiri katika masafa yale yale ya waifai nyingi, na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huizuia. Askari aliyeweka simu katika mfuko wa nyuma na spika iko mbele yake amejenga ukuta kati ya simu na spika, na ukuta huo ni yeye mwenyewe. Simu na spika zionane, umbali usizidi hatua chache, na sauti itatulia. Ikiwa wimbo unatoka mtandaoni moja kwa moja na mtandao ni wa kusuasua, pakua wimbo wote kwanza, kisha usikilize. Katika programu ya VLC waweza pia kuongeza akiba ya mtandao hadi sehemu 2,000 au 3,000 za elfu, yaani sekunde mbili au tatu.

Kwa vijana wanaotunga muziki nyumbani, kuna jambo moja zaidi. Kazi yote ipangwe kwa vipimo vya aina moja. Kama kadi ya sauti imewekwa 48,000 na kazi imeandikwa 44,100, baadhi ya draiva hushindwa kupatanisha na kutoa mikwaruzo, au wimbo hubadilika mwendo na sauti ya mwimbaji ikapanda kama ya mtoto. Aidha, ala ambayo imekwisha kukamilika igeuzwe kuwa faili ya sauti, ili kompyuta isiipigie hesabu upya kila mara. Asije mtu akadhani kwamba bila mashine ya gharama hakuna kinachowezekana. Singeli ya Dar es Salaam, yenye mapigo yanayozidi 200 kwa dakika, imepikwa katika kompyuta za studio ndogo za mitaani. Mkusanyiko wake uitwao Sounds of Sisso ulitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ukasikilizwa hadi Ulaya.

KADI INAYOZEEKA

Turudi kwa faili yenye mkwaruzo usiobadilika mahali. Pengine ilipakuliwa nusu, ipakuliwe upya. Pengine ilirekodiwa kwa sauti kubwa mno. Simu ikiwekwa karibu na ngoma za tufo, mapigo huzidi kipimo cha juu kabisa ambacho hesabu za kompyuta zinaweza kuandika, na vilele vya sauti hukatwa kama miti iliyopitiwa na panga. Hiyo ni sauti iliyopasuka. Programu ya Audacity, ambayo ni ya bure na ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, inacho chombo cha kujaribu kurudisha vilele vilivyokatwa kidogo, na kingine cha kuziba tundu lisilozidi vipimo 128. Kwa jeraha kubwa zaidi havisaidii.

Uwezekano wa tatu ndio unaotisha. Nakili wimbo kutoka kadi ya simu kwenda katika diski ya kompyuta, uupige kutoka huko. Ukiwa safi, maana yake kadi ni ya polepole au inaanza kufa. Usiahirishe hadi kesho. Nakili kila kilichomo siku hiyo hiyo, ukianza na sauti za watu na picha, ukimalizia na nyimbo za dukani. Masokoni zipo pia kadi zilizoandikwa gigabaiti 64 ilhali ndani hazifikii hata robo yake. Hupokea faili bila kulalamika, na faili zilizozidi hazisomeki tena. Kadi mpya ijaribiwe kwa kujazwa na kusomwa kabla ya kuaminiwa.

KASETI HAINA MARA YA TATU

Mpaka hapa nimezungumzia kusikiliza, na katika kusikiliza kigugumizi ni kero ipitayo. Bafa ikikauka wakati wa kusikiliza, faili haijaguswa. Kesho utaupiga tena na utakuwa mzima. Katika kurekodi mambo hugeuka. Sauti inaingia, na kompyuta ikichelewa kuipokea, kile kipande kilichopita hakikuandikwa popote. Tundu hilo hubaki ndani ya faili milele, na kila atakayenakiliwa atanakiliwa na tundu.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa ajili ya wale wenye kaseti za zamani. Utepe wa kaseti hulegea, hushikana, hupata ukungu katika unyevu wa pwani. Iliyotunzwa vizuri haina shida, lakini iliyopita katika maji ya mafuriko au mashua inaweza kukubali kupigwa mara moja au mbili tu, kisha ikakatika. Mara hiyo moja ndiyo ya kurekodi. Haifai kuitumia kwa kujifunzia.

Basi jaribio lifanyike kwa kaseti nyingine isiyo na thamani. Safisha kwanza kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti. Unganisha waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi kompyuta. Kompyuta nyingi za siku hizi zina tundu moja tu, lililokusudiwa maikrofoni na hedifoni kwa pamoja, kwa hiyo hununuliwa kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka pembeni, yenye tundu la kupokea. Zima waifai na Bluetooth, funga programu nyingine zote, weka umeme katika nguvu kamili, ahirisha marekebisho ya mfumo. Bafa iwe kubwa, kwani hapa hakuna mpigaji anayengoja kujisikia. Rekodi moja kwa moja katika diski ya kompyuta, si katika kadi wala flashi.

Kiwango cha sauti kirekebishwe hadi vilele vya juu vifike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Wengi hupenda mshale ugonge juu, wakidhani sauti kubwa ndiyo sauti nzuri. Sauti ndogo huweza kukuzwa baadaye, ilhali iliyopasuka imekwisha kupasuka. Rekodi dakika tano za kaseti ya majaribio, uzisikilize kwa hedifoni zote tano. Kwa kusikiliza huko mapigo ya ngoma hayafai, maana mkwaruzo hujificha ndani yake. Tumia sehemu yenye mtu anayezungumza au kuimba peke yake, ambako hata tundu dogo halifichiki.

Audacity inasaidia hapa kwa namna ambayo si wengi wanaoifahamu. Inapogundua kwamba sauti iliruka wakati wa kurekodi, huweka alama penye mahali hapo na kutoa taarifa mwishoni. Alama zikionekana katika majaribio, tafuta mwitaji aliyebaki, umwondoe, urudie. Zisipoonekana, na sikio nalo likaridhika, ndipo kaseti yenyewe ya bibi itolewe ndani ya kanga, izungushwe taratibu hadi mwisho na kurudishwa mwanzo ili utepe ulegee, na kuanza kurekodiwa. Watoto watoke nje kwa nusu saa. Asiigusi mtu kompyuta, hata kutazama saa.

Upande wa kwanza ukiisha, hifadhi kabla ya kugeuza. Faili ihifadhiwe kwanza kama WAV au FLAC, ambazo hazipunguzi kitu. Nakala ya MP3 ya kutumiana kwa simu itatolewa kutoka humo baadaye. Katika jina la faili yaandikwe jina la mwimbaji, kisiwa au kijiji, na mwaka kama unajulikana, kwa sababu faili iitwayo "sauti 1" haitambuliki na mtu baada ya miaka mitano. Saa moja ya kaseti kwa kipimo cha CD huchukua megabaiti 635 hivi, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya saa 45. Zitengenezwe flashi mbili, na ya pili ikae kwa ndugu aliye mji mwingine, Pemba, Nampula au Mtwara. Kaseti yenyewe irudishwe ndani ya kasha lake, ifungwe tena, iwekwe mbali na spika, kwani sumaku ya spika hula utepe.